Uzee Haung'oi Meno



Iko imani iliyoenea hasa miongoni mwetu wanaume, kwamba mtu akizeeka sharti meno yamtoke, kama mvi zinavyomjia. Imani hiyo si ya kweli. Kinachong'oa meno ya mzee ni maradhi, na maradhi hayo kwa sehemu kubwa yanazuilika.

Tutazame yanavyoanza. Ukoga usiposuguliwa hugeuka ugaga mgumu, usioondoka kwa mswaki. Fizi huvimba na kutoa damu, kisha hujitenga na jino, na mfupa unaolishika huliwa polepole. Aghalabu haya hutokea bila maumivu. Mvutaji wa tumbaku hudanganyika zaidi, kwa kuwa tumbaku huzifanya fizi zisitoe damu upesi. Basi mzee husubiri maumivu. Na yanapomfikisha kwa daktari, mara nyingi limebaki la kung'oa tu.

Hasara yake si ya kinywani peke yake. Aliyepoteza meno huacha nyama, karanga na matunda magumu, na huona haya kusema barazani. Mwenye kisukari huumia maradufu: kisukari huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Wajibu wa kila mmoja ni huu. Apige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Anayetumia mswaki wa mti asafishe kila jino, na upande wa ndani pia. Aache tumbaku. Aonwe na daktari wa meno walau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kionyeshwe bila kuchelewa, maana huenda ikawa saratani.

Lakini tusiwalaumu wazee peke yao. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali hapa Tanzania mwaka 1993, wengi wamepima nauli na ada, wakaona heri kuvumilia. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Haki hiyo haimfai asiyeijua. Kwa hiyo nawasihi viongozi: kila Jumuiya iandike majina ya wazee wake, iulize utaratibu wa sasa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri, na imteue kijana wa kumsindikiza mzee hospitalini. Akifika huko aulize: je, jino hili laweza kuzibwa badala ya kung'olewa? Kuuliza hivyo ni haki ya mgonjwa, wala si utovu wa adabu.

Mzee asemaye bila kuziba mdomo kwa kiganja bado husikika katika baraza. Tusikubali sauti yake ipotee kwa sababu hakuna aliyemwangalia.