Gari likikaa uani, bima isilale

Hapa Mwanza yapo magari yanayokaa uani miezi mingi, Nyegezi au Buswelu, mwenyewe yuko masomoni au injini inasubiri vipuri. Wengi huacha bima ife. Tafadhali, fikiri kwanza.

Sheria inadai bima ya mtu wa tatu kwa gari linalotumika barabarani. Likiwa uani kwako sheria haikubani, lakini mwizi yeye haulizi. Vioo vya pembeni na taa vinang'olewa usiku. Jirani anachoma taka, cheche zinarukia turubai. Na wanaoegesha kandokando ya ziwa wanakumbuka maji yalivyopanda mwaka 2020.

Kama una bima kubwa, muulize wakala wako: naweza kushuka hadi bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi? Ada yake huwa ndogo, na hatari kubwa za gari lililosimama zinabaki zimekatiwa bima. Hapo mbane kwa maswali: wizi wa vipuri umo? Mafuriko je? Mikataba haifanani, na mafuriko ndiyo huachwa nje mara nyingi. Mabadiliko yaandikwe. Gari likiwa na mkopo, benki ikubali kwanza.

Siku ya kulitoa, hata kama ni kwenda gereji Igoma tu, rudisha bima kubwa kabla ya kufungua geti, kisha hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.