Shule ya kuongoza gari: tuangalie mbele ya kulipa

Maneno ya kamati yaliyosomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, Baraka



Mwezi huu sanduku letu la kusaidiana limepokea maombi matatu ya namna moja. Wazazi wanaomba mkopo kwa ajili ya kijana anayetaka kuwa shofere. Tumefurahi, sababu ni kazi inayoweza kulisha nyumba. Lakini tulipoyasoma maombi yale, kuna neno lilitusumbua. Yote matatu yanasema "pesa ya permi". Hakuna hata moja linalosema "pesa ya kujifunza". Njo maana tuliomba nafasi ya kusema leo.

Tuseme wazi. Kila mtu hapa anajua kwamba kuna watu wanaouza permi kama vile wanauza sabuni. Unatoa picha na dola, unangoja siku chache, karatasi inafika, na mtoto hajagusa usukani hata siku moja. Papa mmoja alitujibu hivi: "Polisi ya barabarani anauliza karatasi, haulizi kama unajua." Tunamwelewa. Anayesafiri bila karatasi anasumbuliwa njia nzima. Lakini polisi anaangalia karatasi dakika mbili tu. Barabara inaangalia mikono na macho ya shofere mpaka mwisho wa safari.

Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu meta 17 kila sekunde. Mtoto akitokea kando na ndoo yake ya maji, shofere akishtuka sekunde moja tu, meta 17 zimekwisha, na mguu haujafika kwenye freni. Hakuna permi ya kununua itakayorudisha meta zile. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, linasema ajali za barabarani ndizo zinaua watu wengi kuliko sababu nyingine zote kati ya miaka 5 na 29. Miaka ile ni ya watoto wetu na wadogo zetu.

Sasa kuna jambo ambalo ni letu sisi tuliorudi, na walimu wengi hawalifikirii. Tangu HCR ilipoanza kutuvusha na meli kutoka Kigoma mwaka wa 2005, tumerudi na watoto waliozaliwa Nyarugusu au Lugufu. Kule Tanzania gari linapita upande wa kushoto. Huku Kongo linapita upande wa kuume. Waliorudi kutoka Zambia nao walizoea kushoto. Mtoto aliyekulia kule alifundishwa kwamba ukitaka kuvuka barabara unaangalia kwanza kuume. Huku gari la karibu linatoka kushoto. Mazoea yale hayatoki mwilini kwa kusoma kitabu. Yanangoja siku shofere amechoka, barabara haina mtu, amesimama kununua ndizi na anataka kuondoka tena. Hapo mikono inampeleka kushoto bila yeye kujua, na kwenye kona anakutana na lori uso kwa uso.

Kwa hiyo ulizo la kwanza kwa mwalimu ni hili: "Mtoto wangu amezoea kushoto, utamfanyisha nini?" Mwalimu mzuri atasema atamrudishia mara nyingi namna ya kuondoka baada ya kusimama, namna ya kukata kona, namna ya kuingia kwenye njia panda. Anayecheka na kusema "atazoea tu", mwageni kwa heshima, muende fasi ingine.

Kuna wanaofikiri kumtuma mtoto Kigoma kwa shangazi au mjomba ili ajifunze kule. Kule kuna walimu wazuri, hatukatai. Lakini atajifunza kushoto, na kazi anakuja kuitafutia huku. Kama ni kujifunza mbali, basi Uvira au Bukavu, au hata Bujumbura, sababu Burundi wanapita kuume kama sisi.

Tena magari mengi ya huku usukani wake uko kuume, juu yametengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Shofere anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka atoe gari lake karibu lote katikati ya barabara. Gari la kujifunzia linapashwa kuwa na usukani kushoto, lakini mbele ya kumaliza, kijana aguse na lile la usukani kuume, afundishwe kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori ili aone, na asipoona, asipite.

Sasa mnafika kwenye shule yenyewe. Msiangalie kwanza ubao uliopakwa rangi mlangoni. Ombeni kuliona gari. Je, linatembea, ama liko juu ya mawe likingoja kipande cha mashini? Je, upande wa mwalimu kuna freni ya pili? Bila freni ile, siku mwanafunzi anachanganya miguu, mwalimu hana la kufanya ila kupiga kelele. Angalieni matairi na mikanda. Mwalimu asiyefunga mkanda wake hatamfundisha mtoto wenu kuufunga.

Kisha ulizeni wanafunzi wako wangapi kwa gari moja. Hapa hesabu haitaki diplome. Tuseme gari linatoka saa mbili kila siku, na wanafunzi ni 12. Kila mmoja anapata dakika 10. Siku 20 za masomo ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20 peke yake. Mnaambiwa "mwezi mzima wa mafunzo", kumbe mtoto amekaa kwenye usukani muda wa asubuhi moja. Wanafunzi wakiwa wane, kila mmoja anapata nusu saa kwa siku, na siku 20 zinampa saa 10. Basi tusiulize miezi. Tuulize saa za usukani za mtoto mmoja, na tuombe ziandikwe kwenye daftari, kila siku na sahihi ya mwanafunzi. Kukaa kiti cha nyuma na kuangalia wenzako kunafundisha kidogo, lakini kusihesabiwe.

Ulizeni pia wanaendesha wapi. Shule ingine inazunguka uwanja wa mpira mpaka mwisho. Uwanja hauna mbuzi, hauna motari anayepita kila upande, hauna wamama wa soko. Kijana atoke: kwanza uwanjani, kisha barabara tulivu, kisha siku ya soko, kisha jioni giza linapoingia, kisha siku ya mvua. Ajifunze kusimama katikati ya mlima na kuondoka bila kurudi nyuma. Ajifunze kushuka na vitesi ya chini, mashini ikilishika gari, sababu anayeshuka na freni tupu anazipasha moto mpaka zinakataa. Mtu anayetaka kazi kati ya Uvira na Bukavu siku moja atashuka milima ya Ngomo. Asiende kujifunzia pale na watu mgongoni.

Ukirudi darasani, kode ya barabara inaandikwa kwa Kifaransa. Vijana wetu wanaweza kuikariri kama wimbo bila kuelewa. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, na ninyi wazazi mjaribu mtoto nyumbani. Mwulize: pembetatu iliyosimama kwa ncha ni nini? Akijibu "ni kupisha wengine", sawa. Duara lenye ukingo mwekundu? Linakataza. Duara la bluu? Linaamuru. Kama baada ya wiki mbili hajui haya, pesa yenu inaliwa.

Neno kwa ajili ya mabinti. Mmoja wa wale watatu ni binti, na tunampongeza mama yake. Lakini tunajua yanayosemwa kuhusu walimu wengine, wale wanaopanga somo saa ya jioni na mwanafunzi peke yake. Binti asitoke peke yake na mwalimu. Mwanafunzi mwenzake au mtu wa nyumbani akae kiti cha nyuma. Shule inayokataa jambo lile imejibu yenyewe ulizo lenu. Na mwalimu akimwambia binti kwamba atapita haraka kwa sharti lingine, asinyamaze. Aje kwa kamati ya wamama, hatutamuuliza alivaa nini.

Kwa upande wa pesa: msilipe yote siku moja. Sehemu mwanzoni, sehemu katikati, na ya mwisho baada ya saa zote kutimia. Kila mara na risiti. Ulizeni kama mafuta yamo ndani ya bei, juu kuna shule inayosema bei ndogo, kisha kila asubuhi inamdai mtoto pesa ya mafuta.

Kwa wenye miaka 16 na 17: gari ni miaka 18, na tusidanganye tarehe ya kuzaliwa. Lakini muda ule si wa bure. Ajifunze kode, maji na mafuta ya mashini, kubadilisha gurudumu. Na wazazi, tusimkatalie gari huku tunamwachia moto ya mjomba bila kofia ya chuma. Barabara ni ileile.

Haya ndiyo kamati inaleta mbele yenu leo. Sanduku lisitoe mkopo wa kununua permi. Litoe mkopo wa kujifunza, na litalipa shule yenyewe, mara mbili, baada ya kuona daftari la saa. Mbele ya malipo ya kwanza, wanachama wawili, mmoja akiwa mama, wataenda kuiona shule. Tunajua inachukua siku nyingi na bei inapanda. Lakini tajiri mwenye lori hamwachii mtu ufunguo kwa karatasi, anamwambia kwanza, "Panda, tuzunguke kidogo tuone." Kijana wa karatasi tupu anarudi nyumbani siku ileile, na deni la sanduku linabaki kwa mama yake. Hilo ni tukiwa na bahati. Tusipokuwa na bahati, atapewa ufunguo, na watu wetu wenyewe ndio watapanda nyuma yake.

Wazazi wa maombi matatu tumeongea nao mbele ya mkutano huu, wamekubali kungoja uamuzi wenu. Anayekubali njia hii atainua mkono. Anayekataa aseme sababu yake, tutamsikiliza.