Nyumba ya Watoto kwa Mji wa Kambove

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji)



Nimeombwa kusema juu ya nyumba ya michezo na utamaduni kwa watoto wa Kambove. Najua wengine wanasema chini chini: karani huyu, barabara mbovu haioni, anatuletea habari ya michezo! Ndiyo, ninaleta michezo. Mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unasema katika kipengele cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki utamaduni. Na mtoto akitoka masomo asipate pahali pa kwenda, pahali anapajua: kule watu wanakochimba, na mfuko wa mawe begani.

Wazee wanakumbuka. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Ikaleta masomo ya mapadri, hospitali, posho, viwanja vya mpira. Vyote vilikuwa vya kampuni, na nia yake ilikuwa kupata wafanyakazi wa kesho. Gécamines ilirithi mzigo ule ule, na ilipodhoofika, navyo vikadhoofika. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwake, ati kwa mapenzi yao. Basi nyumba hii isiwe tena mali ya kampuni. Kampuni itoe feza, mji ushike ufunguo.

Feza iko wapi? Imo ndani ya sheria ya madini ya mwaka 2018. Kila kampuni inayochimba sharti itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji walio karibu na kazi yake. Tena, katika malipo ambayo serikali inadai juu ya madini yenyewe, 15 kwa mia ni ya mji au sekta yenye machimbo. Si sadaka hiyo.

Sasa nyumba yenyewe. Msianze na kuta, anzeni na vumbi. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichopima katika mikojo ya wakaaji wa Katanga: wale wa karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto kupita wakubwa. Mtoto anacheza chini, kisha anatia mkono kinywani. Kwa hiyo sakafu iwe ya saruji, ioshwe kila siku. Uwanja uwe na majani, si udongo mtupu. Bomba la maji liwe mlangoni, si nyuma. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Basi msijenge kaskazini-magharibi ya lundo la mabaki ya madini, hata mkipewa kiwanja bure. Hasa mkipewa bure!

Baraza iwe pana, maana mvua ya Novemba mpaka Aprili haingoji mchezo uishe. Chumba kimoja cha vitabu, na taa. Jukwaa la ngoma na michezo ya kuigiza kwa Kiswahili. Ghorofa haifai kitu. Mwaka 1946, kule Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pahali pa kuchora, pakaitwa Hangar, maana yake kibanda tu. Hakutaka wanafunzi waige Wazungu. Humo alitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake. Humo Bela, aliyekuwa mlinzi wake, alichora kwa ncha za vidole.

Lakini rangi inakwisha, vitabu vinachanika, na mlinzi anakula kila siku. Mshahara wa watunzaji uandikwe pamoja na bei ya matofali, katika daftari lile lile la ahadi za kampuni. Siku ya kuliandika, kila kartie ipeleke watu wawili, na mmoja wao awe mama.