Kijana wa Kibandani Yuko Safu Gani? Kufuatilia Ajira za Fedha na Bima Mbeya na Iringa



Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mbeya na watu 2,707,410. Ya 2022 ikaukuta na 2,343,754. Mgeni atadhani tulipatwa na janga. Kumbe mwaka 2016 Songwe ilijitenga, ikaondoka na Vwawa na Tunduma. Wenzetu wa Iringa walikwisha kupitia hayo 2012, Njombe ilipopata mkoa wake. Basi anayeuliza kama ajira za benki mkoani zimeongezeka tangu 2010, aulizwe kwanza: mkoa upi? Mfanyakazi wa benki Tunduma alihama mkoa bila kuhama mtaa. Nimesahihisha tasnifu kadhaa zilizopitisha mstari mmoja juu ya mikoa miwili, na mstari ulichorwa vizuri sana.

Hilo lakini ni dogo, rula na ramani vinatosha kulitatua. Gumu ni kujua nani hasa ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa fedha.

Zamani kuhesabu kulikuwa rahisi. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa, ikazaliwa NBC. Bima ikawa ya NIC. Sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, bima ikafuata 1996, na 1997 NBC yenyewe ikakatwa, kipande kimoja kikawa NMB. Pamoja na misukosuko hiyo, mfanyakazi wa fedha alijulikana: ana kaunta, ana barua ya ajira, anakatwa mchango wa pensheni. Halafu 2008 zikaja fedha za simu, na 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa benki kutumia mawakala. Kaunta ikatoka nje.

Tembeeni kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa hapa Mbeya, au Miyomboni pale Iringa. Mwavuli, meza, simu nne, kimashine cha risiti. Kijana aliyeketi hapo anaweka fedha, anatoa, anauza umeme wa LUKU. Meza ya pili wanakata bima ndogo ya bodaboda. Kazi hiyo ya kuweka na kutoa fedha, miaka ya tisini ilifanywa na keshia aliyevaa tai.

Sasa tuone anahesabiwaje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina njia kuu mbili. Ya kwanza huwauliza waajiri wa sekta rasmi wana watu wangapi na wanawalipa nini. Ya pili, utafiti wa nguvukazi kama ule wa 2014 na wa 2020/21, hugonga milango ya kaya. Kwa waajiri, kila mahali pa kazi hupewa safu kulingana na shughuli yake kuu. Katika orodha ya shughuli za kiuchumi inayotumika, fedha na bima ni safu K, namba 64 hadi 66. Duka linaloishi kwa soda na kufanya uwakala pembeni litaingia kwenye biashara. Mlinzi anayekesha mlangoni mwa benki ni wa kampuni ya ulinzi, hayumo. Dereva aliyeajiriwa na benki yenyewe, yumo! Kwa upande wa kaya, Manispaa ya Iringa ilikuwa na watu 202,490 mwaka 2022. Sampuli ya taifa huchukua kaya chache humo, na wenye kazi ya fedha ndani ya kaya hizo ni wachache zaidi. Huwezi kujenga hoja juu ya watu wa kuhesabika kwa vidole.

Wapo wanaopendekeza tuhesabu namba za uwakala, kwa kuwa kampuni za simu na benki zinazo zote, na mamlaka ya bima, TIRA, inasajili mawakala wa bima. Nakubali nusu. Meza moja yaweza kuwa na laini tano, na mwenye laini huenda yuko Uyole akipalilia viazi, wakati kibandani ameketi kijana analipwa kamisheni. Mimi ningemuuliza huyo aliyeketi: tangu asubuhi umefanya nini, na nani anakulipa?

Nilimuuliza mmoja pale Mafiati. Kila asubuhi hupanga foleni benki kupata floti, akasimama upande huu wa kioo, keshia upande ule, wote wawili wakihesabu noti zilezile. Nikamwuliza, mtu akitaka kujua kazi yako unamwambiaje?

“Nipo nipo tu, mwalimu. Nakaa kwenye fremu ya mtu.”