Kupangisha Nyumba: Haki ya Mwenyewe na Haki ya Mpangaji

 



Mwenye kutoka mjini Arusha kwa njia ya Namanga, akakata kuingia Sakina, huona viwanja vingi vyenye nyumba ya mwenyewe mbele, na nyuma yake safu ya vyumba vya kupangisha. Mstaafu ametia humo mafao yake. Mjane analea mayatima kwa kodi ya vyumba viwili. Ni riziki ya halali, wala hapana wa kumlaumu mtu kwa kuitafuta. Lakini ni akdi, na Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza akdi. Mtu aweza kuisali Ijumaa safu ya mbele, naye anawalisha wanawe kodi yenye shaka, kwa kuwa hakupata kujiuliza: je, mimi nimeuza nini?

Wanachuoni huiita ijara: kuuza manfaa kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Mpangaji hakununua kuta wala bati. Amenunua kukaa: alale asinyeshewe, afunge mlango ufungike, apike na kuoga kwa stara. Manfaa hayo yakikatika, mwenye nyumba anapokea thamani ya kitu asichokitoa.

Basi matengenezo ni juu ya nani? Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, ameeleza kwamba kukabidhi ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, na kuitengeneza nyumba ni juu yake. Akiharakisha kutengeneza, hapana neno, la sivyo mpangaji ana khiyari ya kuivunja akdi. Kisha akaingia katika jambo dogo: theluji iliyo juu ya dari huondolewa na mwenye nyumba, na theluji ya uani, pamoja na takataka za kufagia, huondolewa na mpangaji. Sisi huku theluji tunaitazama kwa mbali, siku mawingu yakifunuka Kilimanjaro. Lakini iweke mvua ya masika mahali pa theluji, uone jinsi hukumu inavyokaa sawasawa. Bati lililotoboka, gata lililong'oka, ukuta uliopasuka kwa maji yateremkayo kutoka Meru, hayo ni ya mwenye nyumba. Kufagia ua na kuzibua mfereji uliozibwa na maganda ya ndizi ni kwa mpangaji. Ama shimo la choo kujaa katikati ya muda, wanachuoni wamehitilafiana. Na kwa kuwa uani mwetu shimo moja hutumiwa na jamaa watano au sita, ni heri jambo hilo lisemwe siku ya kwanza kuliko kugombewa siku ya harufu.

Naye mpangaji, chumba kiko mkononi mwake kwa njia ya amana. Kitasa kikichakaa kwa kutumiwa, halipi. Akikivunja kwa hasira au kwa uzembe, atalipa.

Nalipi lililo zito zaidi katika mlango huu? Ni kuficha aibu ya nyumba. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikapata umajimaji. Muuzaji akasema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akamtenga mwenye kudanganya na jamaa yake. Sasa fikiri juu ya yule apakaye rangi ukuta wenye unyevu wiki moja kabla ya mpangaji kuja kutazama chumba.

Na huku kwetu iko aibu nyingine isiyoonekana kwa macho. Maji mengi ya visima na chemchemi za pande za Meru yana floraidi nyingi, kwa sababu ya mawe ya volkano. Ndiyo huwafanya watoto kuota meno ya rangi ya kahawia, na ikizidi miaka mingi hudhuru mifupa. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea. Mwenye kuchimba kisima, akatangaza vyumba vyenye maji ndani, ni wajibu wake ayapimishe, na aseme wazi: haya ni ya kufulia, ya kunywa tafuteni mengine. Kunyamaza hapo kutamgharimu mtoto wa mtu.

Liko pia suala la LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Basi ama alichokatwa kipunguzwe katika kodi ya chumba, ama waafikiane waziwazi. Kunyamaza kwa sababu ni fedha ndogo hakuihalalishi.

Desturi nyingine ni ya mapagale. Mtu husema: “Kimalizie chumba hiki, tia dari na madirisha, hiyo ndiyo kodi yako.” Katika madhehebu ya Imamu Shafi kukodi nyumba kwa malipo ya kuijenga hakusihi, kwa kuwa ujira haujulikani, saruji hupanda bei, na mwisho mmoja hudai miaka mitatu na mwingine humpa mwaka mmoja. Njia iliyo salama ni kutaja kwanza kodi kwa shilingi, na akdi ikiisha kufungwa, mwenye nyumba amruhusu mpangaji kutumia fedha ile kwa ujenzi, akiweka risiti.

Na mwenye nyumba akifa, au akiiuza nyumba, ijara haivunjiki, hayo pia ni kwa madhehebu yetu. Warithi wanaomtoa mpangaji kabla ya arubaini, hali marehemu alikwisha kupokea kodi ya miezi sita, wanakula mali isiyo yao.

Zamani ilikuwapo Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Leo kiwango cha kodi ni maafikiano ya watu wawili, na mgogoro ukizidi hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako neno la mdomo ni zito kulithibitisha. Nasi ndio wenye Kitabu ambacho aya yake iliyo ndefu kuliko zote inahusu kuandikiana madeni! Karatasi moja yatosha: jina la kila mmoja, muda, kodi, nani atatengeneza nini, umeme utagawanywaje baina ya mwenye jokofu na mwenye taa moja, na notisi ya miezi mingapi. Watie sahihi wote wawili mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Wabillahi tawfiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.