Kwa Nini Diski Zetu za Matabaka Mawili Zinagoma

(Maelezo yaliyotolewa na mtunza kumbukumbu wa ofisi yetu kwa makatibu wa kamati za parokia, mjini Shinyanga)



Nimepewa saa moja kueleza jambo ambalo wengine wataliona dogo: kwa nini diski tunazochoma zinaharibika, hasa zile kubwa za matabaka mawili. Najua wapo watakaouliza, siku hizi nani bado anachoma diski? Kompyuta nyingi mpya haziji na sehemu ya kuwekea diski, na picha za harusi zinatumwa kwa simu. Ni kweli. Lakini makabati ya ofisi zetu kuanzia Kahama hadi Geita yamejaa diski, deki bado zipo kwenye kumbi, na wapo wazee vijijini ambao ukiwapelekea diski wataitazama, bali ukiwatumia kiungo cha intaneti hawana cha kukifanyia. Tena diski iliyokwisha kuchomwa na kufungwa haifutwi kwa bahati mbaya. Flashi inafutika kwa kidole kimoja.

Na tunachokihifadhi si harusi tu. Tuna maelezo ya wazee juu ya ngitili, yaliyokusanywa wakati wa mradi wa HASHI uliofanya kazi mkoani hapa kuanzia 1986 hadi 2004. Tuna ngoma za Bagika na Bagalu. Na tuna vikao vya ardhi. Eneo letu ni la watu waliohamishwa na wanaoendelea kuhama. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu Agosti 1996, na mabishano juu ya siku zile yalichukua miaka. Sehemu ya mabishano hayo ilihusu mikanda ya video na kile inachoonyesha. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu 2001. Tangu hapo vijiji vimekaa vikao vingi vya mashamba, makaburi na fidia. Video haichukui nafasi ya muhtasari uliosainiwa, hilo lieleweke, lakini inaonyesha nani alisema nini na nani alikuwapo.

Parokia moja ya ukanda wa dhahabu, ambayo sitaitaja, ilirekodi kikao cha kijiji cha saa tatu na nusu. Katibu alichoma diski moja ya matabaka mawili, kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika, akafuta kadi ya kamera kwa sababu Jumamosi ilikuwa inahitajika. Miezi miwili baadaye diski ilifunguliwa mbele ya wanakijiji. Ilicheza karibu saa moja na dakika hamsini, ikaganda. Nusu ya pili, ambayo ndiyo wazee walitaja mipaka, haikusomeka. Mmoja wa wazee hao alikuwa ameshafariki.

Kwa nini iligandia nusu? Hapa naomba tuwe wavumilivu kidogo, maana ukielewa hili umeelewa karibu yote.

Diski ya kawaida ya video ina tabaka moja la rangi maalumu, na mwale wa leza huichoma rangi hiyo na kuacha alama. Inabeba baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama GB 4.37, na hapo ndipo wengi wanapodhani wamepunjwa. Diski ya matabaka mawili, iliyoingia sokoni mwaka 2004, inabeba bilioni 8.5. Tabaka la kwanza limetengenezwa liwe nusu kioo nusu pazia: linarudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu. Leza huanza karibu na tundu la katikati, ikaandika tabaka la kwanza kwenda ukingoni. Ikifika mahali palipopangwa inasimama, inabadilisha shabaha yake ili ipenye tabaka la kwanza, halafu inaandika tabaka la pili ikirudi kutoka ukingoni kuja ndani.

Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote iko katikati ya safari, sehemu ya nje ya diski. Huko ndiko vidole vinakoshika, huko ndiko diski hafifu inakopinda, na leza inalazimika kupenyeza mwanga kupitia tabaka ambalo lenyewe limekwisha kuandikwa. Lenzi ikiwa na vumbi, tabaka la kwanza linaweza kupita salama na la pili likafa. Nanyi mnalijua vumbi la barabara zetu kuanzia Juni hadi Oktoba.

Basi mtu akiniletea diski iliyokufa, swali langu la kwanza ni: ilifia wapi?

Ikikataa mwanzoni kabisa, kabla ya asilimia moja, mara nyingi mashine imeshindwa kupima nguvu ya leza. Kila mashine hujaribu kidogo sehemu ya ndani ya diski kabla ya kuanza. Jaribu diski ya aina nyingine. Ikikataa nayo, safisha lenzi. Ikiendelea, leza imechoka na mashine inunuliwe nyingine. Usipoteze diski kumi kuthibitisha hilo.

Ikifa karibu na nusu, ni mabadiliko ya tabaka. Punguza kasi. Diski iliyoandikwa 8 isichomwe kwa 8. Kwa kasi ya 4 inachukua kama dakika 26, kwa 2.4 kama dakika 43. Wapo wanaosema kasi ndogo kuliko zote ndiyo bora daima. Mimi sikubaliani nao kabisa, kwa sababu mashine nyingine zimepangiwa kasi fulani kwa diski fulani na ya chini kabisa huzichanganya. Anza na ya kati. Angalia pia kama kiwanda cha mashine kimetoa toleo jipya la programu yake ya ndani, maana humo ndimo mashine inamojifunza namna ya kuchoma kila aina ya diski.

Na mashine za nje, zile za kuchomeka kwa waya wa USB, zina ugonjwa wao. Tundu la kawaida la USB la zamani hutoa umeme wa miliampia 500 tu, na kuchoma matabaka mawili kunataka leza yenye nguvu zaidi. Mashine inaanza vizuri, halafu mzigo unapozidi inazimika. Kama ilikuja na waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio chenye kipanya, simu na feni.

Ikifia popote pale bila mpangilio, leo asilimia 20 na kesho 70, usiilaumu diski. Tazama umeme na tazama kompyuta. Mashine za kisasa zina kinga ya kusubiri pale data inapochelewa kufika, lakini hakuna kinga ya umeme kukatika: diski inayoandikwa mara moja, umeme ukizimika katikati, hairudiwi. Wale wa jenereta mnajua taa zinavyopwesa mtu akiwasha mashine ya kusaga upande wa pili. Chomeni kwa kompyuta yenye betri iliyojaa, au wekeni kifaa cha UPS. Hakikisheni pia mashine ya nje nayo inapata umeme kupitia hiyo betri. Nimeona mahali kompyuta iko kwenye UPS na mashine ya kuchomea imechomekwa ukutani.

Data yenyewe iwe kwenye diski kuu ya kompyuta kabla ya kuanza. Msichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Hapo kuna mtego mwingine: flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Parokia ikitayarisha faili moja la GB 8 na kutaka kulileta Shinyanga kwa flashi, linakataa, ingawa flashi ina nafasi tele. Flashi ipangwe upya kwa mtindo wa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Kuna diski inayosoma kwenye kompyuta lakini deki ya ukumbini inaikataa. Mara nyingi diski ni nzima. Huenda faili zimewekwa kama faili tu, hazikutengenezwa kuwa diski ya video. Au deki ni ya zamani na haiitambui aina ya diski. Kwa diski zenye alama ya kujumlisha, mashine nyingi huruhusu kuandika jina la aina ya diski kama ile ya kiwandani, na deki nyingi zilizokuwa zinagoma hukubali. Zenye alama ya kutoa hazina njia hiyo, ndiyo maana ofisi yetu hununua za kujumlisha. Kusita kidogo, kama pumzi moja, wakati deki inavuka tabaka, si ubovu.

Sasa turudi kwa ile parokia. Kompyuta iliandika kwamba kazi imekamilika, na haikusema uongo: ilimaliza kuandika. Kuandika na kusomeka ni mambo mawili. Katika programu ya kuchomea kuna kisanduku cha kuhakiki, ambapo kompyuta inasoma diski yote na kuilinganisha na asili. Kinaongeza muda, watu wanakiondoa. Kiacheni. Halafu ichukueni diski kwenye mashine nyingine, rukeni mbele hadi dakika za mwisho, tazameni. Kadi ya kamera isifutwe kabla ya hapo, hata kama kuna harusi. Kadi ya pili ni bei ndogo kuliko kikao kisichorudiwa.

Diski iliyokufa nayo msiitupe haraka. Mashine hazilingani macho. Ile ya parokia tuliijaribu kwenye mashine tatu; ya tatu, ya zamani, ilisoma dakika kama arobaini za nusu ya pili. Mipaka ya upande wa mto imo. Ya upande wa barabara haimo.

Maoni yangu, na kamati ziamue: kwa kumbukumbu muhimu, diski mbili za tabaka moja ni bora kuliko moja ya matabaka mawili. Zinachomeka kwa urahisi, na ikifa moja unabaki na nyingine. Ile kubwa tuitumie pale tu video isipokatika. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje, ikae nyumba tofauti. Diski zenyewe zihifadhiwe zimesimama, kwenye giza, mbali na bati. Rangi ile inaharibiwa na joto na jua hata ikiwa kabatini.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Msitununulie maboksi ya diski za bei rahisi. Tununulieni UPS, kadi za kamera na diski za nje, na diski chache nzuri.

Baada ya chai tutachoma moja hapa hapa, kwa kasi ya 4, na kuihakiki. Makatibu waliokuja na diski zilizogoma wazilete meza ya mbele, kila moja iandikwe jina la parokia na asilimia iliyofia. Andikeni kwa kalamu laini, kwenye sehemu ya katikati iliyo wazi, si juu ya rangi.