Weupe Usio wa Uzuri



Mwenzetu mmoja alipokuwa mjamzito tulimsifu: "Shoga, umekuwa mweupe, mimba imekukubali!" Kumbe damu inaisha. Akaanguka siku ya hisa, tukamkimbiza Ligula kwa fedha za mfuko wa jamii. Kipimo kilisoma 6, na mjamzito anatakiwa asipungue 11. Alipona, na mtoto pia.

Tangu hapo tunakaguana. Ngozi yetu nyeusi inaficha, kwa hiyo vuta kope ya chini utazame ndani, kisha ulimi na viganja. Pakiwa peupe, na mtu anahema kwa ndoo moja tu, au anatamani udongo, aende akapimwe. Huenda ni malaria, huenda ni safura, huenda ni chakula. Na vidonge vya kuongeza damu tusivimeze kwa chai, wala tusivifiche uvunguni. Tunajuana!